Kiti cha Babu

Wanangu wameninunulia kiti cha kupumzikia kwenye maduka ya samani ya Jules Street. Kinanuka vanishi. "Papa, pumzika sasa, sharp?" wamesema, yaani "sawa?" kwa lugha ya mji huu, kwa sababu napanda ngazi za fleti nikihema kama mbuzi aliyefukuzwa. Nimesoma hadi chuo kikuu. Kukaa kitini ndiyo kazi yangu siku zote.

Harufu hiyo naijua. Kule ziwani, ukoo ulimchongeshea babu kiti kama hiki ili aache kwenda majini. Mjomba alihutubia: mzee alipiga kafi kuliko wote, alipanda mawimbi amesimama mtumbwini.

"Kwani nimekufa?" babu akauliza, akiokota kafi lake.

"Baba, ziwa limechafuka!" mjomba akapaza sauti.

"Nimeliona."

Akaingia mtumbwini, akaondoka. Mjomba alitaka kumfuata; bibi akamshika shati. "Wewe shikilia hotuba yako."

Tulimpoteza kwenye povu. Kisha wimbi refu likamleta, amesimama wima, kafi nyuma kama mkia, mpaka mchangani. Akaja akichuruzika maji, akakaa kwenye vanishi mpya.

"Haya, mwanangu. Endelea kunisifu."

Kiti changu bado kimo kwenye nailoni. Lifti ni mbovu. Nashuka kununua mkate.