Kilomita Sabini za Kaoutar

Mwaka 2000, vita vikiwa vimeingia mwaka wa saba, barua ilifika sokoni Rumonge: wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, wachague mmoja wao aende Nairobi, kwenye mkutano wa wanawake wa nchi zenye vita. Walimchagua Kaoutar bila kubishana. Ndiye aliyewahi kumfuata askari aliyechukua kikapu chake cha samaki, akamnyang'anya mchana kweupe.

Siku tatu kabla ya safari, magari yalivamiwa mbele ya kijiji cha Minago, kwenye barabara ya Bujumbura, na mabasi yakasimama. Modeste, karani wa soko, akamwita.

"Mama Kaoutar, barabara imefungwa. Tutatuma mwanamke wa Bujumbura. Ye iko karibu na ndege."

"Huyo wa Bujumbura amezika nani kwenye barabara hii?"

Modeste akainamia makaratasi yake. Ismaili, mume wa Kaoutar, aliuawa kwenye barabara hiyo, ndani ya basi.

Alfajiri Kaoutar akaondoka kwa miguu, tike ya ndege kaifunga kwenye pindo la kanga. Minago akapata baiskeli ya mbeba mawese iliyomsogeza mbele. Akalala Gitaza kwa Bora, Mkongomani anayeanika ndagala, na asubuhi akakuta kizuizi cha kamba njiani.

"Rudi, mama," askari akamwambia. "Mbele wanapiga."

"Nyuma pia walipiga, nikapita. Kama nitakufa, andika jina kabisa: Kaoutar binti Hadji, wa Rumonge."

Askari akashusha kamba.

"Murakoze," akashukuru Kaoutar, akapita.

Jioni alifika uwanja wa ndege, miguu imevimba. Binti wa kukagua tike akamchangamkia: "Nairobi si mbali, mama. Kilomita mia nane na sabini hivi. Saa moja na nusu tu, hata usingizi hautoshi."

"Mimi nimetoka Rumonge," akajibu. "Kilomita sabini na kitu. Siku mbili."

Binti akaigonga tike muhuri.

Mkutanoni walimpa dakika tano.

"Mnauliza kwa nini hatuji," alianza. "Ndege si mbali. Kuifikia hiyo ndege ndiyo mbali." Akaanza kutaja waliouawa njiani, kijiji baada ya kijiji, kuanzia Rumonge. Ismaili alimtaja kama wengine, bila kupunguza sauti. Kengele ikalia.

"Mama, muda umekwisha," akasema mwenyekiti.

"Bado sijafika Bujumbura."

Akaendelea kusimama, akataja mpaka jina la mwisho. Kengele haikulia tena.

Baadaye mjumbe mmoja akamnong'oneza abaki Nairobi, aombe ukimbizi. Kaoutar akatikisa kichwa. "Nikibaki huku, ile barabara nimwachie nani?"

Alirudi kwa njia ileile. Sokoni akakuta meza yake imepangwa sabuni. Modeste alikuwa amempa mtu mwingine, akidhani hatarudi. Kaoutar hakumtafuta karani. Alizisogeza sabuni kwa mkono mmoja, akamwaga ndagala zake, akaanza kuita wateja.