Natangaza Rasmi, Kompyuta Yangu Imewaka

Ndugu wananchi, natangaza rasmi: leo kompyuta yangu imewaka bila kupigwa kofi.

Nasoma sayansi ya kompyuta, mwaka wa tatu, chuo kikuu cha serikali huko mkoani. Programu tulizozoea ni zile za ubaoni, kwa chaki.

Kwa mradi wa kumalizia shahada, niliingiza kwenye kompyuta daftari la mashamba la kijiji chetu, Kisiwani. Liliandikwa enzi za Ujamaa, na tangu hapo nadhani limesomwa na mchwa tu.

Leo nikaenda kuuonyesha mradi huo ofisi ya kijiji. Mama akaja amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Haya msomi," mwenyekiti wa kijiji akasema, "anza na shamba la kwenu."

Nikaandika jina la babu. Kioo kikajibu: *Ameazimwa ekari tatu za kijiji.*

Ameazimwa. Nyumbani tumekuwa tukisema alipewa.

"Mwanangu," mama akaninong'oneza, "lifute hilo neno."

"Usifute," mwenyekiti akasema kwa upole kabisa. "Nimeshasoma. Shamba ni la kijiji, mama, na wanaoomba mashamba ni wengi."

Akanipongeza. Akaomba nakala ya kupeleka wilayani.

Nyinyi mngefuta?

Mahindi ya mama kwenye hizo ekari tatu yamefika magotini.