Vidole vya Kahawia vya Mama

Mama yangu, Tabu, alikuwa na usafi wa kukera. Hapa kwetu Mkonze, aliyetoka safari hakuvuka mlango wake kabla hajaoshwa uani na kupakwa samli, awe mgeni au mwanawe wa kumzaa. Ndiyo mila tuliyoikuta, ila mama aliishika kuliko wote.

Mwaka ambao reli ya Wajerumani ilifika Dodoma, kaka yangu Matonya alikuwa akichimba tuta. Sururu ikamkata mguu. Rajabu, msaidizi wa daktari pale kambini, akampaka iodini, ile dawa ya kahawia inayowasha kama pilipili. Akamfunga kitambaa na kumwonya asiguse maji siku saba. Matonya akaja nyumbani na gongo, anachechemea huku anacheka.

"Mama, nimeambiwa nisioshe," alisema mlangoni.

"Nani kakuambia? Uniingilie ndani na uchafu wa reli?"

Akamfungua kitambaa. Alipoiona ile rangi alidhani ni kutu ya vyuma. Akasugua kwa maji ya lambo mpaka ngozi ikang'aa, kisha akapaka samli juu ya kidonda. Alifanya kwa mapenzi, anaimba.

Siku ya tatu mguu ulivimba. Siku ya tisa tulimzika.

Mimi nikikasirika sichagui maneno. Mbele ya waombolezaji nilimwambia mama, "Wewe ndiye uliyemuua. Ulimwosha dawa." Aliinuka akaenda kukaa zizini, na ng'ombe.

Mwezi uliofuata alikwenda kambini kwa Rajabu.

"Mama, hapa kuna usaha na harufu," Rajabu alimwambia. "Utaweza?"

"Nifundishe kupaka, baba."

Akafundishwa. Miaka mitano alishika kijiti chenye pamba, akawapaka wachimbaji, wapagazi, wachungaji waliochomwa na miiba. Kila aliyepakwa, mama alimfuata hadi njiani akipiga kelele: "Usioshe! Mama yako akitaka kukuosha, mwambie Tabu kakataza!" Watu walimcheka, wakampa jina la Mama Usioshe. Vidole vyake viligeuka kahawia hadi kwenye kucha, na yeye aliyezoea kuosha kila chungu mara mbili akawa anamega ugali kwa vidole hivyohivyo. Nilikula naye sahani moja miaka yote hiyo, na lile neno sikulifuta. Yeye naye hakulitaja hata mara moja. Nilikuwa na roho mbaya, sina jina jingine la kuiita.

Mwaka wa pili wa vita vya Wajerumani na Waingereza homa ilimchukua kwa siku mbili tu. Tukamwosha maiti mimi na Lydia, jirani yetu. Lydia alipofika mikononi alichota mchanga kwa kitambaa, akaanza kusugua vidole.

"Uchafu gani huu usiotoka?" akauliza.

Nilimpokonya kitambaa. "Usioshe," nikamwambia. "Hapo usioshe."

Lydia akatoka nje, nadhani aliniogopa. Nikavishika vile vidole, vimeshapoa. Siku ile ya Matonya, mama hakuwa na mkono wa tatu. Wakati yeye anasugua, mtu alikuwa amesimama pembeni anamiminia maji kutoka kwenye kibuyu, na mtu huyo alisikia wazi kaka yake akisema ameambiwa asioshe.

"Mama," nikamwambia, "maji niliyamimina mimi."