Gamba Ndani ya Sanduku la Muhugu

Mimi ni mchonga vinyago, hapa mtaani Jericho, na kazi yangu ikisifiwa huwa siambiliki. Ubaya ulianzia hapo.

Binti yangu anasomea viumbe vya baharini chuoni. Likizo hiyo alikuja nyumbani na kijigamba kama kofia, kidogo kuliko ukucha wa kidole changu cha mwisho. Ni gamba la konokono wa kilindini, alisema, anayeishi gizani juu ya magogo yaliyozama. Ukimwona utadhani ni ndugu wa wale wanaoganda kwenye miamba ya Mombasa, kumbe ni sura tu, ukoo wake ni mwingine. Ukoo wenyewe ungejulikana kwa alama ya msuli ndani ya gamba, na gamba lilikuwa hilo moja tu duniani. Mwalimu wake alimruhusu akae nalo kwa sababu stoo ya chuo ilikuwa inavuja. Konokono huyo akitambuliwa, binti yangu ndiye ambaye angempa jina, na masomo yake yangekamilika.

Alikuwa ameliweka ndani ya kopo la plastiki la dawa. Jamani, mtoto wa fundi! Nilikasirika kweli. Nikamchongea sanduku la mti wa muhugu, mbichi maana mkavu sikuwa nao, kifuniko kikikaza hata pumzi haipiti. Alisita, akasema angemuuliza mwalimu kwanza. Nikanuna siku nzima mpaka akalihamisha.

Wiki ya pili, yeye akiwa Donholm kwa shangazi yake, nilifunua nijifurahishe. Harufu kali ya siki ikanipanda puani. Gamba lilikuwa limeota unga mweupe ukingoni. Simu ilikuwa mfukoni, ningempigia saa ile ile. Badala yake niliupuliza ule unga, nikafunga, nikajiambia ni vumbi la msasa. Tangu hapo nikawa napita karibu na kabati lenye sanduku bila kuliangalia, na usingizi nikaukosa.

Aliporudi alilifungua sanduku mezani, mama yake akimenya viazi. Akaligusa gamba kwa brashi, likamomonyoka lote. Kisha akaeleza taratibu kwamba mti mbichi hutoa tindikali inayokula gamba, na kwamba ukiwahi kuona dalili, gamba huokolewa.

"Si kosa lako, Baba," akasema. "Hukujua."

Mama yake aliniangalia. Nikaitikia kwa kichwa, nikasema ndiyo, sikujua.