Yule mtu wa angani aliingia ndani?

Jamani, nisaidieni.

Mchana huu hapa kijijini Kaagya nimezungusha dishi mwenyewe, bila fundi, nikanasa chaneli ya anga za juu. Mimi niliyefika Kampala mara mbili, nikamwita mama aje aone dunia.

Tukaona mtu yuko nje ya chombo chake, ananing'inia kwa kamba, na chini yake hakuna chini.

"Mwanangu, huyo ana mama?"

"Anaye, waitu, mama yangu. Wamezoea hao."

Hapo radi ikapiga, mvua ikashuka. Picha ikaganda mkono wake ukiwa umeachia chuma cha mlangoni, kisha kioo kikawa cheusi.

Mama akaniangalia kama mimi ndiye niliyemwangusha.

Nikapanda juu ya bati na radi zote zile, mimi ninayeogopa hata ngazi (msicheke). Nimeshuka nimelowa, chaneli haipo.

Sasa amepakua ndizi. Sahani ya tatu ameifunika kwa jani la mgomba, ya aliye safarini. Hatuli mpaka habari zake zije.

Mnaoipata hiyo chaneli huko Muleba, niambieni ukweli. Aliingia?

Sahani inapoa.