Kompyuta ya Mama Mkwe Iliyokuwa Inaniogopa

Jamani, kuna kompyuta ilikuwa inaniogopa. Msicheke kwanza.

Nikiwa nayo chumbani, inafanya kazi safi kabisa. Nikishafika kwangu tu, simu inalia: "Fundi, imeganda tena."

Anayepiga ni mama wa msichana niliyetaka kumuoa. Ni mwalimu mstaafu, jioni anafundisha watoto wa jirani, na maswali yao anayachapa kwenye kompyuta ya mezani kuukuu, ile ya kioo chenye kichogo nyuma. Ikiganda kabla hajahifadhi, maswali yote kwisha habari yake.

Mimi riziki yangu ni kutengeneza kompyuta. Nilipokwenda kujieleza kuwa namtaka binti yake, alinitazama juu ya miwani.

"Anza na hii. Kompyuta ikikushinda, binti yangu utamuweza?"

Nikajibu kwa mbwembwe, "Mama, hiyo kazi ndogo!"

Weee! Nilijipalia makaa mwenyewe.

Siku ya kwanza nikafungua ubavu wa boksi lake. Vumbi lililokuwamo ungeweza kupandia mahindi. Nikalipuliza lote, nikatoa na ushauri, sauti nimeikaza kama daktari bingwa. "Mama, adui wa mashine ni vumbi. Ilinde."

"Nimekusikia, fundi."

Baada ya siku chache, ikaganda. Nikapiga simu kwamba nakuja, nikaikuta inang'aa mezani, nzima! Nikabadilisha memori. Ikaganda. Nikapiga simu, nikaenda, nzima. Nikaweka programu upya, nikabadilisha mpaka waya wa umeme. Wapi!

Mpenzi wangu akawa ananicheka. "Wenzako wanaogopa mama mkwe. Wewe unaogopwa mpaka na kompyuta yake."

Mimi sikucheka. Mama alishaanza kuulizia fundi mwingine, na nilijua huyo akifaulu, mimi na harusi basi tena. Roho ilikuwa juu juu.

Sasa siku moja nikawa napita mtaani kwao kutoka kwa mteja. Simu imeisha chaji. Nikasema liwalo na liwe, nikapiga hodi.

"Pita tu, fundi!" Mama alikuwa jikoni. "Nimeiwasha, watoto wanakuja sasa hivi."

Nikaingia chumbani, nikabaki mdomo wazi.

Kompyuta ilikuwa imevaa sweta.

Sweta kweli, la sufu ya bluu, limefumwa kwa mkono, na maua pembeni! Limefunika boksi lote mpaka matundu ya kutolea joto. Imeachwa nafasi ya kidole tu, ya kubonyezea swichi. Nikagusa ubavu: moto! Feni inalia humo ndani, na kioo kimeshaganda.

"Mama, hii ni nini?"

Akatokea anajifuta mikono. "Si ulisema niilinde na vumbi? Nimelifuma mwenyewe. Ukipiga simu kwamba unakuja, naizima, naivua. Nani anamwonyesha daktari mgonjwa aliyejifunika makoti?"

Nilikaa chini. Kumbe haikuwa inaogopa mtu. Ilikuwa inavuliwa nguo kwa heshima yangu!

Hapo nikawa njia panda. Nikisema kosa ni sweta, namuumiza, maana ni kazi ya mikono yake. Nikinyamaza, nimekosa mke.

"Mama," nikasema taratibu, "hili sweta ni zuri kuliko yangu yote. Ila mwenzetu anasikia joto. Anapumulia huku nyuma. Mvike akishalala tu."

Akalitazama sweta, akaitazama kompyuta, akanitazama mimi. Halafu akaangua kicheko mpaka akashikilia mlango.

"Masikini! Kumbe nimeipika mwenyewe!"

Tukaivua, tukaiacha ipoe. Wanafunzi wakaja, wakasoma mpaka wakamaliza, haikuganda hata kidogo. Nikakusanya vifaa vyangu.

Tangu siku ya kwanza mama yule alikuwa akiniita fundi. Nilipofika mlangoni nikasikia, "Unakwenda wapi, mkwe? Chai inapoa."

Bisibisi zote zikanidondoka.

Sasa mimi ni mume wa mtu. Wiki iliyopita luninga yetu ikaanza kuzimika yenyewe. Nikakagua waya, nikakagua soketi. Nikageuka kumtazama mke wangu. Kaficha kitu mgongoni, uzi wa sufu unaning'inia.

Karithi!

Mafundi wenzangu, somo langu ni hili: kabla hujashika bisibisi, nenda siku moja bila kupiga simu, uone mwenye mashine anaipendaje.