Dua za Safari na Kompyuta Iliyochoka

Kila sifa ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeniachia macho yanayosoma bado, na akili ambayo hata ikikwama hainikoseshi subira. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na wote waliomfuata kwa wema. Baada ya hayo, nataka kusimulia namna nilivyohangaika na kompyuta nyumbani kwetu Chang'ombe, miaka ile ya tisini, vitu vya Dubai vilipoanza kuingia hata katika nyumba za watu kama sisi.

Kompyuta aliileta shemeji yangu, imekwishatumika huko. Mke wangu aliifunika kitambaa cha kufuma, kama redio. Mwaka ule dada yangu mkubwa, aliyekuwa akiwasomesha wanawake wa mtaani, alikuwa anakwenda Hija pamoja na wanafunzi wake, akina mama watu wazima. Wengi hawakujua Kiarabu. Akanitaka niwatengenezee kijitabu cha dua zenye maana yake kwa Kiswahili.

"Wakibabaika kule," aliniambia, "mie peke yangu nitamshika nani nimwache nani?"

Nikamwahidi kitakuwa tayari kabla hawajaondoka.

Nilianza vizuri. Kila dua niliifungulia faili lake: ya kutoka nyumbani, ya kupanda chombo, ya kuiona Kaaba. Lakini kadiri nilivyoendelea kompyuta ikawa nzito. Nabonyeza herufi, haitokei. Nangoja, mara zinatoka tano kwa pamoja. Halafu yakaja maneno ya Kiingereza kwenye kioo kwamba memori haitoshi.

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Kitu kikijaa hupunguzwa. Nikafuta barua zangu za zamani. Nikafuta picha za maua ambazo kompyuta ilikuja nazo. Nikafuta hotuba nilizokwisha kuzitoa msikitini. Haikubadilika kitu, nikazidi kufuta.

Kilichonichanganya zaidi ni umeme. Wakati ule wa mgao ulikuwa ukikatika, na ukirudi, nawasha kompyuta, nayo inakimbia kama mpya. Muda si muda ni ileile tena. Nikaamua kwamba inachoka kama mtu. Basi nikawa naipumzisha baada ya Adhuhuri: nazima kioo chake, naifunika kitambaa, naielekezea feni. Ikiamka imechoka vilevile.

"Labda imepata husuda," mke wangu alisema. "Mtaa mzima umeshakuja kuichungulia."

"Kompyuta haipati husuda."

"Basi isomee tu. Kusoma unakujua, kompyuta huijui."

Dada naye alipita, nikamwamkia.

"Marahaba. Kijitabu?"

"Bado, dada. Mashine inasumbua."

"Eti mashine! Sisi tumeshafunga mizigo, wewe na mashine yako ndiyo kwanza mnatafuta kamba."

Nilicheka, lakini moyo ulikuwa mzito. Siku zilikuwa zinakwenda.

Katika nyumba yetu alikuwamo mke wa mwanangu, ambaye mumewe alikuwa kazini Mtwara. Yeye alikuwa mpiga chapa katika ofisi moja mjini. Akiniletea chai alikitazama kioo, kisha akainamisha macho na kuondoka. Nadhani alijua tatizo tangu mwanzo. Lakini mkamwana atamwambiaje baba mkwe kwamba anakosea? Kwetu neno kama hilo hupitia kwa mama mkwe. Siku moja mke wangu akatoka jikoni, mikono ina unga.

"Mkweo anasema usifute tena."

"Memori imejaa, nisifute?"

"Anasema unafuta vya sandukuni, na sanduku halijajaa. Kilichojaa ni mkeka."

"Mkeka gani?"

"Hata mie sijui. Ngoja." Akarudi jikoni, nikawasikia wakinong'ona, kisha akaja. "Vitu vyako vyote vinalala sandukuni. Ukitaka kukitumia kimoja, unakitandaza mkekani. Wewe umetandaza kila kitu, hujakunja hata kimoja. Sasa mwenyewe huna pa kukaa."

Nikatazama chini ya kioo. Kweli, majina ya dua zote yalikuwa yamepangana pale, zimefunguliwa. Chuoni kwetu, tulikosomea Kurani utotoni, tulifundishwa kwamba somo halifungwi mpaka mwalimu alisikilize, na dada alikuwa hajazisikiliza dua hizi. Kuzifunga niliona ni kukosa adabu. Kwa hiyo kila umeme uliporudi nilizifungua upya zote ndipo nianze kazi.

"Mwambie zina aya ndani yake. Nitazifungaje kabla dada hajazisikia?"

Akaenda, akarudi anacheka. "Anasema kufunga si kukatiza. Hifadhi kwanza, halafu funga. Zitakungoja sandukuni."

"Mwambie aje mwenyewe, tumechoka kukutuma."

Akaja, akasimama mlangoni na mtandio kichwani. "Baba, ukiniruhusu." Tukazifunga pamoja, na kwa kila moja nilisema bismillahi. Kompyuta ikawa nyepesi mbele ya macho yangu.

Tulipozipanga dua ili zichapwe, moja haikuonekana: ile ya kuiaga Kaaba. Nilikuwa nimeifuta pamoja na hotuba siku moja umeme uliporudi, kabla sijazifungua nyingine, na katika wingi ule sikugundua. Mkwe wangu aliitafuta mpaka kwenye kapu la taka, akakuta nimekwisha kulimwaga. Niliijua dua yenyewe, lakini maana yake niliyoihangaikia kuipata kwa Kiswahili chepesi haikunirudia, na wanawake walikuwa wanaondoka.

Dada alisikiliza kijitabu chote, akakubali. Nikamweleza kuhusu ile iliyopotea.

"Iache," alisema. "Ya kuagia nitawasomea mie. Wakikusanyika kunisikiliza, nitajua wote wapo."

Waliondoka na vijitabu vyao, wakarudi salama, alhamdulillahi. Mimi mpaka leo sijaelewa kwa nini cha mkekani hupotea umeme ukikatika na cha sandukuni kikabaki. Nimeelezwa mara nyingi, nikaitikia kwa adabu.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akupe elimu yenye manufaa, akupe na mtu wa kukueleza kwa upole pale usipoelewa, akufikishe salama kila uendako. Amin.